Mdogo wangu kaniambia anavutiwa na wanaume na hataki kuacha wokovu, naombeni tuongee kiimani

DadaWaSegerea
Shalom wapendwa, wakubwa shikamooni. Naleta hili hapa maana kwenye grupu la wasapu la usharika haiwezekani na nyumbani ndo kabisa, mama ana presha. Mdogo wangu wa kiume ni mtu wa kwaya, tumekua pamoja KKKT (kanisa la Kilutheri) toka sandei skuli mpaka kipaimara, kamaliza chuo sa hivi anafanya kazi Posta, kijana mtulivu hana makundi. Kulikuwa na semina ya vijana ya uchumba na ndoa, na toka ile semina kila mzee wa kanisa anamuuliza mkwe analetwa lini, ikafika mahali wakaanza hadi kumtajia majina ya mabinti. Ndo akaniambia mimi peke yangu kwamba dada mimi sijawahi kuvutiwa na mwanamke, toka nimebalehe ni wanaume, sijawahi kufanya kitu na mtu, nimefunga nimeomba, haijaondoka.

Sasa naomba mnielewe, hajaniuliza kama kulala na mwanaume mwenzake ni dhambi. Anajua kanisa linafundisha nini na anasema anakubali. Alichoniuliza kimenikosesha usingizi, kasema dada nikikubali kuishi bila mke na bila mtu yeyote mpaka nazeeka, Krismasi ntakula na nani, nikiugua usiku nani ananipeleka Muhimbili, maana kanisani kwetu kuna umoja wa wanawake, kuna wababa, kuna vijana, mtu wa miaka hamsini asiye na mke anakaa benchi gani?

Sikuwa na jibu. Naombeni watu wenye Neno mnisaidie, kuwa na hizo hisia tu ni dhambi tayari? Aendelee kuimba? Aende kwa mchungaji? Na hili la kuoa wanalomsukumia aoe tu yataisha, ni kweli yanaisha? Matusi naomba yasiwepo, ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Mtumishi_Kimara
Dada ubarikiwe kwa kuleta hili kwa watu wa Mungu. Ntasema kweli kwa upendo. Neno liko wazi, Warumi 1:26-27 liko wazi, Walawi 18:22 liko wazi, na 1 Wakorintho 6 Paulo anataja orodha halafu mstari wa 11 anasema "na baadhi yenu mlikuwa watu wa namna hii; lakini mlioshwa". Ona hapo anasema MLIKUWA. Kwa hiyo kuna kutoka. Mimi naamini kijana wako anahitaji maombi ya kufunguliwa, sio ya siku moja, mfungo wa maana na watu walioiva kiroho, na kwenye kwaya apumzike kwanza mpaka awe huru maana madhabahu ni mahali patakatifu. Na akishafunguliwa apate binti mwombaji waanze maisha, nimeona ndoa zikitulia kabisa. Usimwache akubali kwamba yeye ndivyo alivyo, hapo ndo adui anapojenga.

MamaWawili_Tabata
Mtumishi nakuheshimu na hayo maandiko nayaamini yote, lakini hapo kwenye kumtafutia binti mwombaji nakuomba usimame kwanza, maana huyo binti mwombaji nilikuwa mimi.

Niliolewa na mwanaume mzuri sana, anasali, haninyanyulii mkono, mshahara unafika nyumbani. Wachungaji wake walikuwa wanajua, familia yake sehemu walikuwa wanajua, mimi peke yangu ndo sikuambiwa, wakaniombea siku ya harusi wakiwa wanajua. Miaka ile yote mwili wangu ulikuwa unajiuliza una kasoro gani, nimenunua madera, nimesuka, nimeenda kwa wamama wa kitchen party wakanifundisha hiki na kile, nikafunga na kuomba nikidhani nimerogwa, kumbe mwenzangu alikuwa analia bafuni kwa sababu anajitahidi na haiwezekani. Watoto wawili tumepata, nawapenda kuliko chochote. Siku aliyonieleza sikumchukia, niliwachukia waliotuunganisha wakijua. Yaani nilipelekwa pale niwe tiba ya mtu, na mimi nilidhani nimechaguliwa kuwa mke.

Kwa hiyo DadaWaSegerea kama hutasikia kingine chochote humu sikia hili, mdogo wako asisukumwe kwenye ndoa. Kama siku moja Mungu mwenyewe akimpa mwanamke na yule mwanamke akaelezwa KILA KITU kabla ya mahari akasema niko tayari, hayo ni ya kwao. Ila kumficha binti wa watu ni uongo, na uongo uko kwenye zile Amri Kumi tunazokariri, tena kwa ndoa ya kanisani inayoanza na viapo mbele ya Mungu.

buza_boy
Mi naona mnajichosha, mbona hata Papa alisharuhusu wabarikiwe kanisani

Mkatoliki_Mbagala
Ndugu yangu hapo umelishwa habari nusu. Ile hati ya Vatican ya Desemba 2023, Fiducia Supplicans, ilisema padre anaweza kutoa baraka fupi isiyo ya kiliturujia kwa wapenzi walio kwenye hali isiyo ya kawaida na wa jinsia moja, na hapohapo ikasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke na hiyo baraka isifanane na ndoa hata kidogo. Na Januari 2024 maaskofu wa Afrika kupitia SECAM, Kardinali Ambongo wa Kinshasa ndo alitia sahihi kama rais wao, wakasema kwa Afrika hawaoni inafaa kuwabariki watu wa jinsia moja kama wapenzi. Kwa hiyo hakuna kitu kilichobadilika parokiani kwako.

Ila dada nikujibu swali lako la kwanza, maana sisi tunalo kwenye Katekisimu namba 2357 mpaka 2359. Matendo ya jinsia moja Kanisa linasema hayakubaliki kwa hali yoyote. Lakini mtu mwenye mwelekeo huo wanasema apokelewe kwa heshima na huruma, asibaguliwe kwa namna isiyo ya haki, na anaitwa kuishi usafi wa moyo. Kuwa na kishawishi si dhambi, hata Bwana wetu alijaribiwa sawasawa na sisi ila hakutenda dhambi, Waebrania 4:15. Kitu anachokifanya na kishawishi ndo kinahesabiwa. Mdogo wako kwa maelezo yako hana kesi.

mwinjilisti_mstaafu
Binti yangu, marahaba. Nimetumika uinjilisti mitaa mingi ya jiji hili, nimefundisha kipaimara na nimekaa vikao vya baraza la wazee mpaka usiku, ntakuandikia kirefu kidogo nivumilie.

Swali la ndoa kanisa letu limeshalijibu. Wenzetu wa Sweden, tulioshirikiana nao miaka mingi, sinodi yao Oktoba 2009 ilikubali kufungisha ndoa za jinsia moja, na mwaka uliofuata maaskofu wa KKKT wakatoa Tamko la Dodoma kwamba hatukubaliani. Mimi nasimama na tamko lile, naamini Mungu aliumba mume na mke na Yesu akalithibitisha Mathayo 19. Ila swali la mdogo wako siyo la ndoa. Anauliza akitii ataishi wapi, na hilo hatujalijibu, tena naona hatutaki kuulizwa.

Soma ile Mathayo 19 mpaka mwisho. Tunaisoma kwenye harusi mpaka "alichounganisha Mungu mwanadamu asikitenganishe" halafu tunafunga kitabu. Endelea. Wanafunzi wanamwambia Yesu mambo yakiwa hivyo ni afadhali kutokuoa, na yeye hawakatalii, anawaambia wapo matowashi waliozaliwa hivyo, wapo waliofanywa na watu, na wapo waliojifanya hivyo kwa ajili ya ufalme wa mbinguni. Sura moja, mafundisho mawili, la ndoa na la mtu asiyeoa. Yesu mwenyewe hakuoa. Paulo alipoandika 1 Wakorintho 7 hakuwa na mke na anasema angependa wengine wawe kama yeye. Isaya 56 Mungu anamwambia towashi asiseme mimi ni mti mkavu, atapewa nyumbani mwa Bwana jina lililo bora kuliko wana na binti. Nyumbani mwa Bwana, binti yangu. Ndipo kanisa lilipo. Sasa sisi huku tumefanya ndoa iwe ndiyo tiketi ya kuwa mtu mzima kanisani, asiye na mke hawi mzee wa kanisa, harusini anakalishwa na watoto, msibani anatumwa kubeba viti. Halafu mtu kama mdogo wako tunamwambia ishi peke yako kwa ajili ya Kristo, na tukishamwambia tunaondoka kila mmoja kwa mke wake.

Na jambo lingine linaniuma. Ile orodha ya 1 Wakorintho 6 aliyoitaja Mtumishi ina watamanio, walevi, watukanaji na wanyang'anyi, pamoja na wazinzi. Nimekaa kwenye vikao. Binti akipata mimba anasimama mbele ya usharika kutubu, aliyempa mimba anaendelea kuimba besi. Mzee mwenye nyumba ndogo Mbezi anajulikana na anatoa ahadi kubwa siku ya mavuno. Vijana wa sogea tuishi tunawapangia tarehe ya kubariki ndoa na kuwapigia vigelegele. Kama maadili ya Kikristo ya mwili ni ya wote, na mimi naamini ni ya wote, basi kijana ambaye hajamgusa mtu yeyote ni msafi kuliko nusu ya hilo baraza. Kumtoa kwenye kwaya ni kumwadhibu kwa kusema kweli, na vijana wengine wote wenye siri watajifunza papo hapo kwamba kanisani hakusemwi kweli.

Mtumishi_Kimara
Mzee wangu shikamoo, hayo ya baraza sipingani nawe na MamaWawili naomba pole yangu ipokee, la kumficha binti nakubali ni dhambi. Ila bado nasema tusimfungie Mungu mlango, Mungu anabadilisha.

mwinjilisti_mstaafu
Marahaba mwanangu. Mungu hafungiwi mlango, aombewe sana, hata mimi ntamwombea. Ninachokataa ni kumfanyia ahadi ambayo Mungu hakuifanya. Kule Marekani kulikuwa na huduma kubwa ya Kikristo ikiitwa Exodus International, ilianza 1976, kazi yao ilikuwa hiyohiyo ya kuwasaidia watu watoke kwenye mvuto wa jinsia moja. 2013 wakaifunga wenyewe, na kiongozi wao Alan Chambers akaomba radhi hadharani, na alishakiri kabla ya hapo kwamba wengi mno kati ya aliowahi kukutana nao mvuto wao haukubadilika. Watu wale walikuwa waombaji, hawakuwa wapinga Biblia. Wengi waliumia kwa sababu waliambiwa usipobadilika imani yako ina tatizo. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondoke akajibiwa neema yangu yakutosha. Mdogo wake huyu binti akikaa na mwiba wake na asitende dhambi, huo nao ni ushindi, tuuhesabu.

Anglikana_Kunduchi
Kwa waliokuwa hawajui, hili suala limeshawahi kukaliwa kikao hapahapa Dar. Februari 2007 maaskofu wakuu wa Kianglikana wa dunia nzima walikutana huku kwetu upande wa Jangwani Beach, Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati ule, Rowan Williams, akiwepo, Jumapili wakavuka kwenda kusali kanisa kuu la Mkunazini Zanzibar. Kilichowagombanisha ni Wamarekani kumweka wakfu Gene Robinson mwaka 2003, askofu anayeishi na mwanaume mwenzake, na pale Dar wakawapa wenzao wa Marekani mpaka mwisho wa Septemba watoe jibu la kueleweka kuhusu kubariki wapenzi wa jinsia moja. Mgogoro haukuisha, mpaka Uingereza 2023 wakapitisha sala za kuwabariki na makanisa mengi ya kusini mwa dunia yakasema hayamtambui tena Askofu Mkuu wa Canterbury kama kiongozi wa wote.

Msingi wa msimamo wetu ni lile azimio la Lambeth (mkutano wa maaskofu wa Kianglikana wa dunia) la 1998, namba 1.10, kura 526 za ndiyo na 70 za hapana. Kila mtu huku analijua kwa kipande kinachosema matendo hayo hayapatani na Maandiko. Kipande hicho kipo na nakikubali. Lakini azimio hilohilo linasema tunajifunga kusikiliza maisha ya watu wenye mwelekeo huo, kwamba wanapendwa na Mungu, na kila aliyebatizwa akaamini na kuwa mwaminifu ni kiungo kamili cha mwili wa Kristo. Tumepigia kura vyote viwili. Nimesali Kianglikana toka nizaliwe, mahubiri ya kipande cha kwanza nimeyasikia mengi, cha pili sijawahi kusikia mtu anakihubiri hata siku moja. Dada ukienda na mdogo wako kwa mchungaji yeyote wa dhehebu lolote muulize tu, hapa kwako kijana huyu ni kiungo kamili au ni mgonjwa? Jibu lake litakuonyesha kama ni mahali pa kubaki.

mwanachuo_wa_theolojia
Naomba nitoe upande ambao haujasemwa na naomba nisipigwe mawe. Wapo wanatheolojia wanaompenda Kristo wanaosema Paulo aliyoyaona mjini Korintho na Rumi yalikuwa ya mabwana na watumwa wao, wazee na vijana wadogo, watu kutumiana, na kwamba hakuwa anaongelea watu wazima wawili wanaoahidiana uaminifu. Wanasema pia kanisa lilishawahi kushangazwa na Mungu, Matendo 15, mataifa wakaingizwa bila tohara wakati Maandiko ya zamani yalidai tohara. Na Sodoma, Ezekieli 16:49 inasema uovu wake ni kiburi, kushiba na kutomsaidia maskini. Mimi binafsi bado natafakari, sijafika mwisho, lakini naumia tukiongea kama vile upande ule hauna mtu anayesoma Biblia.

mwinjilisti_mstaafu
Hupigwi mawe hapa. Nikujibu kwa ufupi. Sodoma nakubaliana nawe kwa Ezekieli, ila usimwache Yuda mstari wa 7. Kuhusu Paulo, Warumi 1 anasema waliwakiana tamaa wao kwa wao, sioni hapo mtu anayelazimishwa, na anaanzia kwenye uumbaji. Na Matendo 15 unayoitaja, barua waliyoandika mwishoni iliwaondolea mataifa tohara ikawabakizia kujiepusha na uasherati. Kwa hiyo sishawishiki. Lakini endelea kusoma mwanangu, na usiache kusali.

wakili_wa_mtaa
Fupi tu upande wa sheria maana naona watu wanachanganya. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu TENDO, kinyume cha maumbile, na adhabu yake ni nzito mno, kifungo cha maisha na si chini ya miaka 30, tena kinamhusu hata mwanaume na mwanamke. Kuvutiwa na mtu au kumwambia dada yako unavyojisikia siyo kosa. Ila mtaani hawatofautishi. Mnakumbuka 2018 mkuu wa mkoa wetu wa wakati ule alivyotangaza watu wataje majina ya wanaodhaniwa mashoga na serikali kuu ikaja kusema ule haukuwa msimamo wake. Kwa hiyo dada jina la mdogo wako lisiandikwe popote, usitume voisi noti, na usimruhusu mtu "amwombee" kwenye grupu.

hapahapa_Dar
Nimesoma toka juu nikawa najiuliza niandike au niache. Mimi ndo huyo mdogo wako, miaka mingi mbele.

Nimeokoka, sina mke, sina mwanaume, na sijabadilika mvuto. Sitakudanganya kwamba ni rahisi, Jumamosi za harusi ndo mbaya kuliko zote, unarudi nyumbani na suti yako unakuta taa imezimwa kama ulivyoiacha. Kuna miaka nilikaribia kuacha kanisa na sio kwa ajili ya tamaa, ni upweke. Tamaa inakuja inapita. Ila Jumapili saa saba mchana ibada imeisha, kila familia imeingia kwenye gari yake au kwenye daladala yake, na wewe umesimama pale nje na Biblia hakuna aliyekuuliza unakula wapi, hapo ndo mtu anaanza kufikiria kumpigia yule aliyempa namba.

Kilichoniokoa ni familia moja. Nilimwambia mtu mmoja tu, baba mtu mzima wa kanisani, akakaa kimya akasema asante kwa kuniamini, baada ya hapo hakunihubiria, aliniambia Jumapili unakula kwetu. Sio mwaliko wa siku moja, kila Jumapili. Mke wake alijua baadae kwa ridhaa yangu. Nina ufunguo wa kwao. Watoto wao wananiita baba mdogo, mmoja mimi ndo msimamizi wake wa ubatizo, ada yake nachangia, nikilazwa mke wake ndo anakuja na uji. Pale kuna ugomvi na kelele na kuoshana vyombo, na yule baba ananiuliza uso kwa uso wiki hii umekaaje, na mimi namjibu kweli. Zaburi 68 inasema Mungu huwakalisha wapweke nyumbani, mimi nimekalishwa Kinyerezi.

Kwa hiyo DadaWaSegerea kwa wale watu wa maadili na mimi nikiwemo, yale mafundisho nayashika, lakini ningeyashika peke yangu chumbani nisingefika. Mtu akidaiwa usafi na kanisa basi adai meza kutoka kwa kanisa. Mdogo wako ana haki ya kudai.

DadaWaSegerea
Nimelia jamani. MamaWawili Mungu akutie nguvu, nimeshamwambia mama la kumtafutia binti liishe, nimesema tu hayuko tayari, sikueleza zaidi. hapahapa_Dar nimempa mdogo wangu simu asome uliyoandika, kasoma mara ya pili akaniambia kumbe yupo mwingine.

Nimeongea na mume wangu bila kutaja undani, nimemwambia mdogo wangu awe anakuja kwetu Jumapili na chumba cha nje kiwe chake akitaka kulala, amekubali. Watoto wameshahamishia na viatu vya mpira huko maana anko anawafundisha mpira. Sasa bado la mchungaji. Anataka kwenda kumwambia mwenyewe kabla hajaulizwa tena kuhusu mke mbele za watu, mimi naogopa akimwambia yatafika kwa mama mchungaji na yakifika huko yameshafika kwa umoja wa wanawake.

mwinjilisti_mstaafu
Asiende ofisini siku ya kazi, pale mhasibu na mlinzi wanasikia. Na asianze na siri yake. Aombe muda kama mtu anayeomba ushauri, amwulize mchungaji kwa ujumla, mchungaji kijana akikujia akisema hivi na hivi na anataka kuishi kwa usafi utamsaidiaje. Amsikilize anavyojibu. Akianza kusema habari za kijana mwingine aliyewahi kumjia, na kumtaja kwa jina au kwa mtaa, ashukuru aage aondoke, huyo hatunzi. Akinyamaza, akauliza huyo kijana anakula wapi, ana nani, basi aendelee.

Na wewe usiingie nae ndani. Msubiri nje, siri ni ya kwake, yeye ndiye aseme imefika wapi.